Mbwa Mkubwa Analipiwa na Nani?

Tarehe 27 Mei 2021, asubuhi mapema, Goma iliambiwa ihame. Nyiragongo ilikuwa imelipuka siku tano nyuma, tarehe 22, na tangu pale udongo haukuacha kutetemeka. Gavana wa kijeshi akatangaza kwamba kartie 10 kati ya 18 za mji ziondoke. Wale tuliokuwa kule hatuhitaji kuelezewa: magodoro juu ya vichwa, watoto mgongoni, bidoni za mayi, pikipiki moja na watu wane. Njia ya Sake ilijaa mpaka mtu alitembea kwa hatua za kinyonga.

Kwa jirani yetu kulikuwa na shida ya pekee. Alikuwa mwalimu wa sekondari, tulikuwa tunamwita tu Prof, na alikuwa na mbwa anayeitwa Simba. Si mbwa wa kawaida wa parseli. Ni mbwa wa kimo cha meza, damu yake kubwa ni ile aina Wafaransa wanaita dogue allemand, na Waingereza wanaita Great Dane. Kilo zake zilipita 60. Motari wa kwanza alimwangalia akacheka. Wa pili akasema: "Papa, hii haiko mbwa, iko ngombe. Pikipiki yangu itavunjika." Wa tatu hakusimama kabisa.

Mama wa ile nyumba alikuwa ameshafunga mizigo na watoto wane. Akamwambia bwana yake: "Muache. Utamukuta." Prof akajibu kwa sauti ya chini: "Mi siende bila yeye." Ugomvi haukuendelea juu hakukuwa wakati. Mwisho, alipata kijana mwenye chukudu. Wakaelewana dola 15. Simba akapandishwa juu ya ule mti, akalala kama mheshimiwa, na kijana akaanza kusukuma kuelekea Sake, karibu kilometa 25. Watu barabarani, waliokuwa na huzuni tangu siku tano, wakacheka. Watoto walikimbia pembeni wakiimba jina lake. Mimi mwenyewe nilicheka. Kisha nikajua kwamba zile dola 15 zilikuwa za minervali ya binti yake mkubwa, na kicheko kikaniishia mdomoni.

Njo tangu ile siku nilianza kusoma historia ya mbwa wakubwa. Nilitaka kujua watu wengine, mahali pengine, walifanya nini na mnyama anayependwa kuliko kipimo na anayekula kuliko kipimo.

Tuanzie kwa jina, juu lenyewe ni kichekesho. Waingereza wanasema huyu mbwa ni wa Denmark. Kosa linatoka kwa Mfaransa Buffon, mtaalamu wa viumbe wa karne ya 18, ambaye katika vitabu vyake alimwita grand danois. Denmark haina mambo mingi katika habari hii. Mbwa alitengenezwa katika inchi za Kijerumani, na Wajerumani wenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1870, walikubaliana kumwita Deutsche Dogge, ili dunia ijue ni wao.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa windo ya nguruwe wa pori. Nguruwe wa pori wa Ulaya ana meno yanayopasua tumbo la farasi. Kumkamata na kumshikilia mpaka bwana afike na mkuki, kulihitajika mbwa mwenye urefu, uzito na mbio pamoja. Mbwa wadogo hawakutosha, na mbwa wazito wa kulinda hawakukimbia vizuri. Wakachanganya mbwa wazito na mbwa warefu wa mbio, kizazi juu ya kizazi. Wale wazuri zaidi walivalishwa koti nene lililojazwa vitambaa ili nguruwe asiwapasue. Wale wa bei ndogo waliachiliwa mbele, wapasuliwe wao kwanza. Wachache waliochaguliwa walilala ndani ya chumba cha bwana usiku, juu wakubwa wa zile falme waliogopa kuuawa kitandani.

Sasa hapa njo pa kusimama kidogo. Bwana mmoja aliweza kuwa na mbwa wa windo kwa makumi na mamia. Nani aliwalisha? Katika maeneo mengi ya Ujerumani ya zamani, wakulima walilazimishwa kutoa nafaka kwa ajili ya mbwa wa bwana, ao kuwakalisha nyumbani mwao wakati si wa windo. Mtu mwenyewe anakula mkate mweusi, na anatoa unga kwa mbwa ambaye siku ya windo atapita akikanyaga shamba lake. Kwa hiyo, tangu mwanzo, furaha ya mbwa mkubwa ilikuwa kwa mmoja, na sahani yake ilijazwa na mwingine.

Mwenye mbwa wa aina hii anayetuhusu sana sisi Wakongomani ni Otto von Bismarck. Yule chansela wa Ujerumani alipenda hawa mbwa tangu ujana. Mmoja aliitwa Sultan. Waliokuwa karibu naye walisimulia kwamba mwaka wa 1877 Sultan alitoroka, akarudi, Bismarck akamchapa, na muda kidogo tu baadaye mbwa akafa. Yule mtu aliyepanga vita tatu bila kutetemeka alikaa na kichwa cha mbwa juu ya magoti yake, akijilaumu. Ukiwahi kuwa na mbwa utaelewa. Ukiwa hukuwahi, utasema ni wazimu.

Baada yake akaja Tyras, ambaye magazeti ya Ujerumani yalimwita mbwa wa dola. Alifuatana na Bismarck kila mahali. Wakati wa kongamano la Berlin la 1878, inasimuliwa kwamba Tyras alimrukia Gorchakov, chansela wa Urusi, mzee wa miaka 80, akidhani anamshambulia bwana yake. Ulaya ilicheka, Warusi hawakucheka sana. Huo njo upande mwingine wa mbwa mkubwa: kosa lake dogo ni ajali kubwa. Mbwa wa kilo 8 akikurukia, unapanguza suruali. Huyu akikurukia, uko chini.

Tena Tyras alikufa mwaka wa 1889. Piga hesabu. Kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 mpaka tarehe 26 Februari 1885, wajumbe wa Ulaya, pamoja na wale wa Marekani na wa Dola la Uturuki, walikaa katika makao ya Bismarck, Wilhelmstrasse, Berlin, wakijadili mto Kongo na biashara yake. Humo njo Leopold II alipata njia ya inchi yetu kutambuliwa kuwa yake. Hakuna Mwafrika aliyealikwa kuingia katika ile nyumba. Mbwa wa kilo zaidi ya 50 alikuwa mwenyeji wa kwa Bismarck miaka ile yote. Simlaumu Tyras, hakutia sahihi kitu. Ninaweka tu mambo mawili karibu ili muyaone.

Kuna wengine wanaotajwa kila mara mbwa wakubwa wanapozungumziwa: mapadri na mafrere wa Saint-Bernard, kwenye mlima kati ya Uswisi na Italia, kimo cha meta 2,469. Mbwa wao waliokoa wasafiri waliopotea katika teluji. Aliyejulikana zaidi ni Barry, aliyezaliwa mwaka wa 1800, na anahesabiwa kuokoa watu zaidi ya 40. Kile kipipa cha pombe shingoni mnachoona kwenye picha kilitoka kwa wachoraji. Lakini angalieni hili: Barry hakuwa mkubwa sana, alikuwa na kilo kama 40 ao 45. Katika karne ya 19, baada ya miaka mibaya iliyoua mbwa wengi, walichanganya damu na mbwa wa Newfoundland. Watoto wakatoka na manyoya marefu, teluji ikaganda ndani ya manyoya, mbwa wakalemewa. Kisha wapenda-sura wa mijini wakaendelea kukuza kimo mpaka kilo 70 na zaidi. Yaani, kadiri mbwa alivyokuwa mkubwa, njo alivyopungukiwa na kazi. Mwaka wa 2004 ile jumuiya ikatangaza kwamba haiwezi tena na mzigo wa kuwatunza, na mwaka wa 2005 fondation moja yenye jina la Barry ikawachukua. Watu waliolisha mbwa kwa karne tatu walisema: tumechoka.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Afrika yetu, Afrika ya Kusini, kando ya bahari, mji wa Simon's Town.

Mbwa huyu alizaliwa tarehe 1 Aprili 1937 karibu na Cape Town. Bwana yake, Benjamin Chaney, alihamia Simon's Town kusimamia nyumba ya mapumziko ya wanajeshi, na kituo cha jeshi la majini la Uingereza kilikuwa palepale. Mabaharia walimpenda mara moja. Walimpa nyama, wakampa bia, wakatembea naye. Yeye akaamua kwamba mwenye kofia ya baharia njo ndugu yake. Akisimama kwa miguu ya nyuma alifika karibu meta 2. Mahali alipopenda kulala ni juu ya lile daraja dogo la kupandia meli, palepale watu wanapopita, na hakuna aliyeweza kumsogeza. Wakamwita Nuisance, yaani msumbufu.

Shida ilianza na treni. Mabaharia walipopata mapumziko walipanda treni kwenda Cape Town, kilometa karibu 35, na Nuisance alipanda pamoja nao. Sasa fikiria benchi ya treni ya watu watatu, na huyu amelala juu yake na miguu yake yote. Wakaguzi wa tiketi walimshusha. Alingoja treni inayofuata akapanda tena. Mabaharia walimficha, lakini utamficha wapi mnyama mwenye kichwa kama cha punda? Kampuni ya reli ikaandika: ao alipiwe nauli, ao afungwe, ao auawe.

Watu wakaandika barua. Wengine walikuwa tayari kumnunulia tiketi ya kudumu. Wakubwa wa jeshi la majini wakapata akili nyingine: tarehe 25 Agosti 1939, siku chache tu mbele ya vita, wakamwandikisha jeshini. Askari wa vita alisafiri bure. Karatasi zake ziko: jina la familia Nuisance, jina la kwanza Just, maana yake "msumbufu tu". Kazi: mvunja-mifupa. Dini: mdoezi. Sahihi: alama ya mguu. Baadaye wakampandisha cheo ili apate na posho ya chakula ya baharia. Mnaona? Nauli, chakula, kitanda. Vitu vitatu vinavyomshinda mwenye mbwa mkubwa, vyote vitatu vikaingia kwenye hesabu ya dola la Uingereza.

Alikuwa askari mbaya. Aliadhibiwa kwa kusafiri bila ruhusa, kwa kukataa kutoka katika baa saa ya kufunga, kwa kulala kwenye kitanda cha mkubwa wake. Adhabu moja ilikuwa kunyimwa mifupa kwa muda. Alipigana na mbwa wa meli nyingine na wawili hivi walikufa, na hili halichekeshi. Lakini usiku aliwatafuta mabaharia waliolewa na kuwarudisha kambini. Vijana wa miaka 19 na 20, mbali na mama zao, wakienda kwenye bahari ambako meli zilizamishwa kila wiki, walipata shingo kubwa ya joto ya kushika. Mimi naamini hiyo ilikuwa kazi ya kweli. Wakamwoza hata mke wa aina yake, Adinda, na watoto wawili katika wale waliozaliwa waliuzwa kwa mnada, pesa ikaenda kwa vita.

Hata hivyo hii ni Afrika ya Kusini ya 1939. Sheria ya mwaka 1923 ilikuwa imeshasema kwamba Mwafrika mweusi anakaa mjini kwa ruhusa, na anaweza kuondolewa. Jeshi la ile inchi lilipochukua wanaume weusi katika vita ileile, liliwapa majembe na usukani, likawakatalia bunduki. Mbwa alipewa karatasi ya kumfungulia njia, na watu wengi wa palepale walikuwa na karatasi za kuwafungia. Ukisoma kisa cha Just Nuisance kwenye vitabu vya watoto hutaliona hili. Halimpunguzii yule mbwa kitu, lakini linaonyesha kwamba moyo wa serikali haukuwa mkavu. Ulijua kulainika, na ulichagua ulainike kwa nani.

Na mwisho wake? Mwisho wa mbwa wakubwa karibu wote unafanana. Alikuwa amepata ajali ya gari, miguu ikaanza kufa ganzi, kidogo kidogo ikapooza. Januari 1944 alitolewa jeshini. Tarehe 1 Aprili 1944, siku ileile ya kuzaliwa kwake, daktari alimchoma sindano ya mwisho. Walimfunika bendera ya jeshi la majini, wakamzika kilimani juu ya Simon's Town na kupiga bunduki za heshima. Tangu 1985 ana sanamu yake mjini. Alikuwa na miaka 7 tu.

Miaka 7 mnaona ni kidogo, lakini kwa aina hii si ajabu. Mbwa wadogo wa kwetu wanafika miaka 12, 14. Dogue allemand wengi wanaishia kati ya 7 na 10. Watafiti waliolinganisha aina nyingi za mbwa walipata kwamba kila kilo 2 za mwili zinaondoa karibu mwezi mmoja wa maisha. Mtoto wake anazaliwa na uzito wa nusu kilo hivi, na kwa mwaka mmoja anafika kilo 45 ao zaidi. Mifupa inakimbia kuliko nguvu za mwili. Ukimlisha mingi ili akue haraka, unampindisha miguu. Moyo unapanuka na kuchoka. Kansa ya mifupa inampata kuliko wengine. Na kuko ugonjwa mmoja unaoua kwa saa chache: tumbo linajaa hewa, kisha linajipinda kama mfuko uliofungwa. Dawa yake ni operesheni palepale. Kwa miji yetu, veterineri wa kufanya operesheni usiku utamtoa wapi? Njo maana wenye kujua wanagawa chakula mara mbili ao tatu kwa siku, na hawamwachi akimbie mara tu baada ya kula. Kidogo, lakini kinasaidia.

Nasema haya juu naona wenzetu wengi, mara tu baada ya kupata kazi ya kwanza kwenye ONG ao benki, wanatafuta mbwa wa sura kubwa. Naelewa. Ukiishi mahali ambapo wenye silaha wanabisha usiku, mbwa kama huyu mlangoni ni usingizi. Simba hakubweka sana. Alisimama tu, na mtu alibadilisha njia. Mchana watoto wa avenue nzima walimlalia, na yeye alikuwa na tabia ya aina yake, kukuegemea mguuni na uzito wake wote mpaka uyumbe. Nilikuwa mwanafunzi, sikuwa na pesa wala mpenzi, na kuna jioni kuegemewa vile kulinitosha.

Lakini mama wa ile nyumba aliwasha sufuria mbili kila siku, moja ya watu na moja ya Simba: bugali, sambaza, mifupa ya buchani. Yeye njo alikwenda buchani. Yeye njo alisafisha parseli, na hakuna aliyemwuliza mbele ya mbwa kuletwa. Siku moja aliniambia, bila hasira: "Niko na watoto watano. Mumoja iko na miguu ine, na njo huyo anakula wa kwanza."

Tulirudi kutoka Sake baada ya juma kadhaa. Simba alirudi kwa chukudu ileile, bei ilipunguka mpaka dola 10. Yule binti alikosa mitihani ya robo ya mwisho, akarudia ya pili mwaka uliofuata. Simba alikufa Novemba 2023, akiwa na miaka 6 na nusu, tumbo, usiku, bila daktari. Asubuhi wanaume wane tulichimba kaburi nyuma ya nyumba, na jiwe la volkano lile halichimbiki, tulitumia siku nzima. Mama njo alilia kuliko wote. Prof sasa ana mbwa mdogo wa rangi ya udongo, alimpata bure, anakula mabaki ya sahani. Nilipomwuliza kama angechukua tena mkubwa, aliangalia kwanza kule jikoni, kisha akaniambia niongee polepole.